Msichana wa shule na ngoma: uwezo wa mwili anaouhitaji na namna ya kuujenga

Ni saa kumi jioni katika uwanja wa shule ya msingi. Ngoma imelia kwa dakika tatu mfululizo. Wasichana kumi na wawili wako kwenye mstari, wanaimba na kucheza. Mmoja wa nyuma anaanza kuchelewa mapigo. Mabega yanashuka, sauti yake haisikiki tena, na kila akiinama anachelewa kuinuka. Mwalimu anamtoa: "Wewe huna kipaji, kaa pembeni."

Msikilizaji, huenda umewahi kumsikia mwalimu akisema hivyo, au umewahi kuambiwa wewe mwenyewe. Lakini mara nyingi msichana wa namna hii hakukosa kipaji. Inawezekana amepungukiwa pumzi au nguvu za mapaja. Inawezekana hakula mchana, au ana upungufu wa damu ambao hakuna aliyeugundua. Mambo haya yanaweza kuchunguzwa, na mengi yanaweza kurekebishwa bila vifaa vya gharama.

Makala haya yanaeleza uwezo wa mwili unaomsaidia msichana wa shule kucheza ngoma vizuri, namna ya kuupima kijijini, namna ya kuujenga, na dalili zinazotaka mazoezi yasimamishwe.

Ngoma ni kazi ya mwili

Ngoma za asili ni sehemu ya mashindano ya shule katika nchi zetu. Tanzania, ngoma na kwaya huwa miongoni mwa fani za ndani katika UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Kenya, tamasha la taifa la muziki lilianza mwaka 1927, na siku hizi wanafunzi hushindana humo pia kwa ngoma za makabila yao.

Kila ngoma ina madai yake kwa mwili. Sindimba ya Wamakonde hutaka kiuno na nyonga zifanye kazi muda mrefu huku magoti yamekunjwa. Bugobogobo ya Wasukuma ilitokana na kazi ya shamba, na wachezaji hutumia majembe, hivyo mikono, mgongo na macho lazima vielewane. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, hutaka kasi na mabega yasiyochoka. Kwa Wagogo wa Dodoma, wanawake hupiga muheme wakiwa wamebana ngoma katikati ya mapaja huku wakicheza. Hapo mapaja yanafanya kazi mbili kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo mwalimu asianze kwa kuuliza nani anajua kucheza. Aanze kwa kuuliza ngoma hii inataka nini kutoka kwenye mwili, kisha aangalie wasichana wake wana nini na wanapungukiwa nini.

Uwezo wa kwanza: pumzi

Pumzi ni uwezo wa moyo na mapafu kupeleka hewa na damu ya kutosha kwenye misuli kwa muda mrefu. Mchezaji asiye na pumzi huanza vizuri, kisha kila kitu huharibika: hatua, sauti, hata tabasamu.

Ngoma zetu zina ugumu wa ziada, kwa sababu mchezaji huimba. Mtu anayefanya kazi ya wastani anaweza kuongea lakini hushindwa kuimba. Ili msichana aimbe akicheza, ni lazima pumzi yake iwe kubwa kuliko kile ngoma inachodai, abaki na akiba.

Namna ya kupima: mwache acheze dakika nne bila kusimama, kisha mwambie atamke sentensi ndefu kwa mkupuo mmoja. Akikatika kila baada ya neno moja au mawili, pumzi bado. Unaweza pia kumfundisha kuhesabu mapigo ya moyo kwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, kwa sekunde 15, kisha kuzidisha mara 4. Akiwa ametulia, msichana wa kuanzia miaka 10 huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika. Baada ya wiki kadhaa za mazoezi mapigo yake yatashuka haraka zaidi akipumzika.

Namna ya kujenga: kuruka kamba, kukimbia taratibu, kucheza rede au kombolela. Aanze na dakika 10 na kuongeza kidogo kidogo kila wiki. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Msichana anayetembea kilomita kadhaa kwenda shule na kuteka maji tayari ana sehemu ya dakika hizo. Mwalimu alikumbuke hilo asimlundikie mengine juu yake.

Uwezo wa pili: nguvu

Nguvu za mchezaji ngoma ziko sehemu tatu: mapaja na makalio, tumbo na mgongo, na misuli ya nyuma ya mguu chini ya goti. Ngoma nyingi za Kiafrika huchezwa magoti yakiwa yamekunjwa na mwili umeinama. Anayekosa nguvu za mapaja atasimama wima mapema, na uzuri wa ngoma utapotea.

Namna ya kupima: aegemee ukuta kwa mgongo, ashuke kama aliyekaa kwenye kiti, ahesabiwe sekunde. Andika namba yake kwenye daftari. Baada ya wiki mbili mpime tena, na umlinganishe na namba yake mwenyewe ya awali, si na ya mwenzake.

Namna ya kujenga: kuchuchumaa na kuinuka mara 10, apumzike, arudie mara tatu. Kupanda na kushuka kwa vidole vya miguu mara 15. Kulala kifudifudi kisha kuuinua mwili kwa viwiko na vidole vya miguu, mgongo ukiwa umenyooka kama ubao, kwa sekunde 15 hadi 30. Kulala chali magoti yamekunjwa na kuinua nyonga mara 10.

Wazazi wengine huogopa kwamba mazoezi ya nguvu yatamfanya binti awe na misuli ya kiume. Sivyo. Kwa watoto ambao hawajabalehe, nguvu huongezeka hasa kwa sababu neva hujifunza kuitumia vizuri misuli iliyopo, si kwa misuli kuvimba.

Uwezo wa tatu: unyumbufu

Unyumbufu ni uwezo wa viungo kwenda mbali bila kuumia. Katika ngoma unaonekana kwenye nyonga, mgongo, mabega na vifundo vya miguu. Watu hawako sawa katika hili. Wengine wamezaliwa na maungio yanayolegea, wengine yamekaza, na hakuna kosa katika lolote.

Namna ya kupima: akae chini miguu imenyooka, anyooshe mikono polepole mbele. Angalia vidole vimefika wapi: goti, kifundo cha mguu, au kupita unyayo.

Namna ya kujenga: baada ya mazoezi, mwili ukiwa na joto, ashikilie mkao wa kujinyoosha kwa sekunde 15 hadi 30 na arudie mara mbili au tatu. Asikie kuvutwa, asisikie maumivu makali. Kabla ya kucheza anyooshe kwa mwendo: kuzungusha mabega na nyonga, kurusha miguu mbele na nyuma taratibu.

Jambo moja lisifanywe kamwe: mtu mwingine kumkalia mgongoni au kumsukuma kwa nguvu ili "afunguke". Misuli na kano huchanika hivyo, na huchukua wiki nyingi kupona.

Uwezo wa nne: mizani

Mizani ni kuusimamia mwili usianguke, iwe umesimama au unazunguka. Hutokana na macho, sehemu ya ndani ya sikio, na taarifa zinazotoka kwenye nyayo na maungio kwenda kwenye ubongo.

Namna ya kupima: asimame kwa mguu mmoja, mikono kiunoni, uhesabu sekunde. Kisha ajaribu macho yamefumbwa, mwenzake akiwa karibu kumdaka. Pima miguu yote miwili. Mguu uliowahi kuteguka mara nyingi huwa dhaifu, na ndio unaohitaji mazoezi zaidi.

Namna ya kujenga: mazoezi hayo hayo ya kusimama kwa mguu mmoja, hata wakati wa kupiga mswaki. Wasichana waliozoea kubeba ndoo kichwani tayari wamejifunza kunyoosha shingo na kutuliza kiwiliwili. Lakini ndoo nzito huumiza shingo na mgongo, kwa hiyo isifanywe kuwa zoezi la ngoma.

Uwezo wa tano: wepesi, kuruka na kutua

Wepesi ni kubadili mwelekeo haraka bila kupoteza mpangilio. Rede hujenga hili vizuri, kwa sababu anayekwepa mpira huruka, huinama na kugeuka bila kupanga.

Katika kuruka, hatari kubwa iko kwenye kutua. Katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla, wasichana hupata majeraha ya kano ya ndani ya goti mara nyingi kuliko wavulana. Goti huumia hasa likitua limenyooka au likiingia ndani kuelekea goti la pili.

Fundisha hivi: tua kwa sehemu ya mbele ya unyayo kisha kisigino, magoti yakunjwe, na kila goti lielekee upande wa vidole vyake vya mguu. Kutua kuwe kimya. Ukisikia kishindo, miguu haijapokea uzito vizuri. Waache wasichana watue wakitazamana wawili wawili, kila mmoja akiangalia magoti ya mwenzake.

Uwezo wa sita: uratibu na mdundo

Miguu inafuata ngoma kubwa, mabega yanafuata ngoma ndogo, mdomo unaimba wimbo wenye mwendo wake. Uwezo wa kufanya haya pamoja ni uratibu wa viungo, na unafundishika.

Njia nzuri ni kugawa kazi. Kwanza wapige makofi mdundo wakiwa wamekaa. Kisha miguu tu, bila mikono. Kisha mabega au kiuno peke yake. Kisha unganisha viwili, mwisho ongeza wimbo. Anza polepole, uongeze kasi pale tu wengi wanapokuwa hawakosei. Michezo kama mdako, wa kurusha na kudaka kijiwe, hufundisha mkono na jicho kuelewana.

Mwili unaokua

Wasichana wengi hukua haraka zaidi kati ya miaka 10 na 13. Katika kipindi hicho mifupa hurefuka kwanza, na misuli huchelewa kuifuata. Msichana aliyekuwa mwepesi darasa la nne anaweza kuonekana mzito na asiye na mpangilio akiwa darasa la sita. Ubongo unajifunza upya miguu ina urefu gani. Hali hii hupita. Anayetolewa kwenye kikundi wakati huu anaweza kuwa ndiye mchezaji bora baada ya mwaka.

Wengine hupata maumivu chini kidogo ya goti, mahali kano inaposhika mfupa. Hayo yanatokana na kukua na kuruka sana kwa pamoja. Dawa yake ni kupunguza kuruka kwa muda. Akilazimishwa, maumivu huongezeka.

Miaka hii pia ndiyo ya kujenga mifupa ya maisha yote. Kuruka kwa kiasi na chakula cha kutosha huifanya iwe imara.

Chakula, maji na damu

Msichana aliyetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri akinywa chai ya rangi tu hawezi kucheza saa kumi jioni. Uji wa dona au wa mtama asubuhi, na chakula cha mchana chenye maharage, kunde, dagaa au mayai, vinamtosha kuwa na nguvu. Kama shule haina chakula, mazoezi yapunguzwe, au wazazi wachangie uji siku za mazoezi.

Upungufu wa damu ni adui mkubwa wa pumzi. Damu ndiyo inayobeba hewa safi, na kuiunda kunahitaji madini ya chuma. Wasichana huyapoteza madini hayo wakati wa hedhi. Malaria na minyoo ya safura huzidisha tatizo. Dalili zake ni kuchoka upesi, kuhema kwa kazi ndogo, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, weupe wa ndani ya kope na viganja, na wakati mwingine hamu ya kula udongo. Mwenye dalili hizi asiongezewe mazoezi. Apelekwe zahanati apimwe damu.

Nyama, maini na dagaa vina madini ya chuma yanayoingia mwilini kwa urahisi. Maharage na mboga za majani kama mchicha, tembele na kisamvu nazo zinayo, na huingia vizuri zaidi zikiliwa pamoja na chungwa, embe, pera au limao. Chai na kahawa huzuia madini hayo, kwa hiyo zinywewe mbali na mlo.

Maji ya kunywa yawepo uwanjani, na kila baada ya dakika 15 hadi 20 wanywe. Jua la mchana likwepwe.

Hedhi na mavazi

Hedhi si ugonjwa, na haimzuii msichana kucheza. Wengine hata maumivu ya tumbo hupungua wakijishughulisha. Anayeumwa sana au anayetoka damu nyingi apumzike bila kulazimishwa kueleza mbele ya wenzake. Kwa hiyo ni muhimu kikundi kiwe na mwalimu wa kike au mama mlezi anayeweza kuambiwa, na shule iwe na pedi au vitambaa safi, maji na choo chenye mlango.

Msichana aliyekwisha kuzoea hedhi ya kawaida, kisha ikakatika miezi mitatu au zaidi, aende kituo cha afya. Sababu zinaweza kuwa kadhaa, na mojawapo ni kula kidogo kuliko mwili unavyotumia. Hali hiyo hudhoofisha mifupa. Kwa hiyo mwalimu asimwambie msichana apunguze kula ili apendeze jukwaani.

Sidiria inayoshika vizuri humpunguzia maumivu aliyeanza kukua matiti. Uwanja ufagiliwe miiba na vigae kabla ya kucheza pekupeku, na udongo laini ni bora kuliko sementi kwa ngoma za kuruka.

Ratiba ya wiki

Siku tatu kwa wiki zinatosha, dakika 45 hadi 60 kila siku, na kuwe na siku ya kupumzika katikati.

Dakika 10 za kwanza: kutembea haraka, kukimbia taratibu, kuzungusha viungo.
Dakika 10: mazoezi ya nguvu na mizani.
Dakika 20 hadi 30: ngoma yenyewe, kwa vipande, na mapumziko ya maji.
Dakika 5 hadi 10 za mwisho: kutembea na kujinyoosha.

Maliza mapema wasichana wafike nyumbani kabla ya giza. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya wiki 6 hadi 8. Mazoezi ya kila siku kwa wiki moja kabla ya mashindano huchosha na kuumiza tu.

Mtu akiumia

Kifundo kikiteguka, acheze basi. Apumzike, awekewe kitambaa chenye maji baridi kwa dakika 15 hadi 20, afungwe bandeji isiyobana sana, na mguu uinuliwe juu ya mto. Asichuliwe kwa nguvu wala kuvutwa wakati bado kumevimba, kwa sababu huongeza damu kuvuja ndani.

Apelekwe kituo cha afya haraka ikiwa hawezi kupiga hatua nne kwa mguu huo, mguu umepinda, au unakufa ganzi. Vilevile msichana aliyezimia au aliyepata maumivu ya kifua akiwa anacheza, asirudi uwanjani mpaka daktari amwone, hata kama anasema amepona.

Kwa mwalimu na mzazi

Mwalimu, weka daftari. Andika jina, sekunde za ukutani, sekunde za mguu mmoja, na kama anaweza kutamka sentensi ndefu baada ya dakika nne. Kabla ya kumtoa mtu kikundini, fungua daftari hilo. Kama anapanda, mpe muda. Kama alikuwa juu na sasa anashuka, ujue kuna jambo: hajala, anaumwa, anakua, au kazi za nyumbani zimezidi. Mwite pembeni umuulize kwa upole.

Mzazi, siku ya mazoezi mpunguzie binti ndoo moja, na muulize alicheza vipi. Akikwambia anaumwa goti, au anaona kizunguzungu, usimjibu kwamba ni uvivu.

Yule msichana wa mstari wa nyuma huenda anahitaji wiki sita za kuruka kamba. Huenda anahitaji bakuli la uji, au kipimo cha damu cha zahanati. Mwalimu atajua ni lipi akishampima na kumuuliza.